Kosa la Utesaji Liandikwe kwa Jina Lake

Hotuba kwa wananchi wa Busia, upande wa Uganda, tarehe 26 Juni, Siku ya Kimataifa ya Kuwaunga Mkono Waathirika wa Utesaji

Mwenyekiti wa LC, baraza letu la mtaa, wazee wetu, mama zangu mliofunga vibanda ili mfike hapa, vijana wa boda boda, madereva mlioacha malori kwenye foleni ya mpakani, na ninyi maafande, mliovaa sare na msiovaa: nawasalimu nyote. Nashukuru tumekubaliana kuzungumza Kiswahili. Uwanjani hapa kuna Msamia, Mteso, Mganda, Mnubi, na kuna jirani zetu wa Kenya waliovuka asubuhi kwa biashara zao. Nataka kila mmoja asikie mwenyewe, asingoje kusimuliwa.

Nimekuja na jambo moja. Mtu akiteswa mikononi mwa askari, mwanajeshi, mgambo au mtu yeyote mwenye mamlaka juu yake, hati ya mashtaka iandikwe utesaji. Isiandikwe shambulio, wala utovu wa nidhamu, wala yasiandikwe yale maneno tunayoyajua sote, kwamba mshukiwa alianguka alipokuwa akikimbia. Uganda ina kosa la utesaji katika sheria zake tangu 2012. Adhabu imetajwa, na vitendo vyenyewe vimeorodheshwa kimoja kimoja. Lakini nenda kituoni leo, useme umeteswa, uone afande wa zamu atakavyoandika kwenye daftari.

Wapo wanaouliza, na si kwa ubaya: kipigo ni kipigo, mtu ameumia, aliyemuumiza ashitakiwe kwa kuumiza, jina la kosa lina uzito gani? Swali hili nalijibu kwa urefu, maana mengine yote yanasimama juu yake.

Sheria ya kanuni za adhabu tuliyorithi kutoka kwa Waingereza ina makosa ya kupiga na kujeruhi. Shambulio la kawaida, mwaka 1. Shambulio lililodhuru mwili, miaka 5. Jeraha kubwa, miaka 7. Vifungu hivyo vilitungwa kwa ajili ya watu waliogombana kilabuni au kwenye mpaka wa shamba. Vinatazama jeraha tu: nani alipiga, alipiga na nini, mfupa ulivunjika au haukuvunjika. Haviulizi kwa nini aliyepigwa alikuwa na pingu mikononi, wala nani alikuwa amekaa kwenye kiti akiuliza maswali wakati mwingine anashika waya. Haviulizi mtu yule alitakiwa aseme nini, au atie sahihi karatasi gani, ndipo kipigo kikome.

Utesaji uko humo hasa, katika hayo yasiyoulizwa. Yupo mtu aliyezuiwa asiweze kukimbia wala kujitetea. Yupo mwenye mamlaka juu yake. Na lipo lengo: akiri, amtaje mwenzake, aadhibiwe bila hakimu, au watu wa kijiji chake wamwone waogope. Ukiandika shambulio, umemwondoa mkubwa aliyetoa amri, umeondoa lengo, umeiondoa ofisi nzima, umebakiza watu wawili waliopigana. Ni kama mtu aliyeibiwa ng'ombe, halafu kituoni wanamwandikia kwamba amepoteza kamba.

Kuna pia mateso yasiyoacha alama. Mtu anafungwa macho kwa siku kadhaa, ananyimwa usingizi, anafungiwa peke yake asijue mchana wala usiku, anasikilizishwa sauti ya kijana akilia chumba cha pili na kuambiwa kwamba ni mwanawe. Daktari anayetafuta jeraha hataona kitu, na mwendesha mashtaka mwenye kifungu cha shambulio mkononi atafunga jalada. Sheria ya 2012 inasema maumivu makali ya mwili au ya akili. Maneno hayo matatu, au ya akili, yanawapa haki watu ambao kanuni za adhabu zisingewaona kabisa.

Niwapeleke mbali kidogo, Marekani, mji wa Chicago, mahali ambapo jina la kosa lilikosekana.

Kulikuwa na kamanda wa polisi aitwaye Jon Burge. Kuanzia 1972 hadi 1991, yeye na maofisa aliowaongoza waliwatesa zaidi ya watu 100 katika vituo vya upande wa kusini wa mji, karibu wote wanaume weusi. Waliwafunika vichwa kwa mifuko ya plastiki mpaka pumzi ikawaishia. Waliwatia shoti za umeme. Walitaka wakiri, na wengi walikiri, kwa sababu mtu aliyekosa hewa hukiri chochote. Baadhi yao walihukumiwa kifo kwa maungamo hayo. Mnamo 2003 gavana wa jimbo la Illinois, George Ryan, aliwasamehe wanne kati yao waliokuwa wakingoja kuuawa, akisema maungamo yao yalitolewa kwa mateso.

Na Burge? Alifukuzwa kazi mwaka 1993. Alipofikishwa mahakamani hatimaye, mwaka 2010, hakushitakiwa kwa kumtesa mtu hata mmoja. Muda wa kisheria wa kumshitaki kwa vipigo vile ulikuwa umepita zamani. Walichompata nacho ni kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki isitendeke: aliulizwa katika kesi ya madai kama aliwahi kutesa, akakana. Alipewa miaka minne na nusu, akatoka 2014. Wanaume waliofunikwa mifuko walikaa mahakamani wakamwona mtesaji wao akifungwa kwa sababu ya uongo wake. Mwaka 2015 baraza la mji lilikubali kulipa dola milioni 5.5 za fidia na kuagiza historia hiyo ifundishwe katika shule za umma. Nalisifu jambo hilo. Lakini katika rekodi za mahakama za nchi ile, Jon Burge ni mtu aliyesema uongo, basi.

Italia nayo ilipata aibu ya namna hiyo. Ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Utesaji mwaka 1989, lakini haikutunga kosa la utesaji katika sheria zake. Julai 2001, wakati wa mkutano wa mataifa makubwa mjini Genoa, polisi waliingia usiku katika shule ya Diaz walimolala waandamanaji, wakawapiga hata waliokuwa wameinua mikono. Kesi zilipofika mwisho, makosa ya kujeruhi yalikuwa yamepitwa na muda. Mwaka 2015 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema wazi kwamba sheria ya jinai ya Italia haikutosha kumwadhibu mtesaji. Bunge lao lilitunga kosa hilo mwaka 2017.

Sasa turudi nyumbani, maana sisi hatukuhitaji Genoa kutufundisha.

Wazee mlio hapa mnajua kilichokuwa Nakasero miaka ya Amin, ndani ya jengo la State Research Bureau, idara yake ya ujasusi. Mnajua watu wa Public Safety Unit, kikosi cha polisi kule Naguru. Wale waliokuwa Kampala na Luwero katika miaka ya 1980 wanakumbuka panda gari: malori yanafika alfajiri, mtaa unazungukwa, vijana wanapandishwa, na mama anabaki akizunguka kambi hadi kambi akiuliza. Wanakumbuka kandoya, mikono ikifungwa nyuma viwiko vikakutana mpaka kifua kinataka kupasuka. Wapo watu ambao mikono yao haikupona tena. Nasema haya kwa heshima, kwa sababu najua kwamba baadhi ya waliotendewa wamekaa katika viti hivi, na baadhi yao hawajawahi kuwasimulia watoto wao.

Mwaka 1986 serikali mpya iliunda tume chini ya Jaji Arthur Oder kuchunguza ukiukaji wa haki tangu uhuru wa 1962. Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, Uganda ikajiunga na Mkataba dhidi ya Utesaji. Ibara ya 4 ya mkataba ule inaagiza kila nchi ihakikishe kwamba vitendo vyote vya utesaji ni makosa katika sheria yake ya jinai, na adhabu ziwe zenye uzito unaolingana. Tume ya Oder ilitoa ripoti mwaka 1994. Mwaka uliofuata ikaja Katiba yetu. Ibara ya 24 inakataza utesaji, na ya 44 inasema uhuru wa kutoteswa hauondolewi kwa sababu yoyote: si vita, si ugaidi, si uchaguzi, si hali ya hatari. Haki nyingi katika Katiba yetu zina mipaka. Hii imewekwa katika kundi dogo la zile zisizoguswa.

Na bado, hakukuwa na kosa. Katiba ilikataza, lakini mwendesha mashtaka akifungua kitabu cha adhabu alikuta shambulio na jeraha kubwa. Kutoka 1986 mpaka 2012 ni miaka 26. Kijana aliyezaliwa siku tulipojiunga na mkataba alikuwa na watoto wake tayari siku Sheria ya Kuzuia na Kupiga Marufuku Utesaji ilipoanza kufanya kazi.

Sheria yenyewe ni nzuri, nasema bila kusita. Adhabu ya utesaji ni kifungo kisichozidi miaka 15. Utesaji ukizidi ubaya, kwa mfano silaha ikitumika, au aliyeteswa akiwa mjamzito au mlemavu, au ngono ikifanywa chombo cha mateso, au mtu akiachwa na ulemavu wa kudumu, adhabu inafika kifungo cha maisha. Anayesema aliamriwa na mkubwa wake, amri hiyo haimwokoi. Mkubwa aliyejua na akanyamaza anaweza naye kusimamishwa kizimbani. Maungamo yaliyopatikana kwa mateso hayapokewi mahakamani. Mtu yeyote anaweza kupeleka malalamiko, si lazima awe aliyeteswa: mke, jirani, mwalimu, muuguzi, mwenyekiti wa kijiji.

Majirani zetu wa Kenya walitunga ya kwao mwaka 2017, na adhabu yao inafika miaka 25. Kwa hiyo dereva wa lori anayevuka mpaka huu analindwa na kosa lenye jina lilelile pande zote mbili. Tanzania bado haijajiunga hata na Mkataba wenyewe, na ninasikitika kulisema hilo kuhusu nchi iliyowapokea wakimbizi wetu wengi.

Lakini sheria hii ilimkuta nani kwanza? Mwishoni mwa 2014 video ilisambaa nchi nzima na nje, ikimwonyesha msichana wa kazi mjini Kampala akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo. Sote tulilia. Alishitakiwa kwa utesaji, akakiri, akafungwa miaka 4, na yote yalimalizika kabla mwaka haujaisha. Wananchi wengi walisikia kwa mara ya kwanza kwamba Uganda ina kosa liitwalo utesaji kupitia kwa msichana yule. Simtetei. Mtoto aliteswa, na sheria yetu, tofauti na Mkataba wa Umoja wa Mataifa, inamgusa hata mtu binafsi asiye na cheo. Ninachosema ni kwamba wiki chache zilitosha. Uchunguzi ulikamilika, hati ikaandikwa utesaji, hakimu akahukumu. Kumbe inawezekana.

Sasa weka karibu na hiyo habari ya mwandishi Kakwenza Rukirabashaija. Alikamatwa mwishoni mwa Desemba 2021 kwa maneno aliyoandika mtandaoni juu ya Rais na mwanawe. Katiba inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Yeye alifikishwa Januari 11. Baadaye aliionyesha kamera ya televisheni mgongo wake uliojaa makovu, akasimulia alivyopigwa, kisha akaikimbia nchi. Maneno yake yalipata kifungu cha sheria, yakapata hati ya mashtaka, yakapata namba ya kesi. Mgongo wake haukupata namba. Mpaka anavuka mpaka kwenda uhamishoni, hakuna askari hata mmoja aliyekuwa amesimamishwa kizimbani kwa yale makovu. Na kifungu kile alichoshitakiwa nacho, cha mawasiliano ya kukera, Mahakama ya Katiba ilikifuta Januari 2023.

Ndiyo maana nasema mkono wa kuandika hautetemeki sawasawa. Ukimwandika msichana wa kazi hautetemeki.

Vijana wa stage, wa vijiwe vya boda boda, nanyi mna neno lenu hapa. Sheria ni msumeno. Mkimkamata mtu aliyeiba pikipiki, mkamfunga kamba kwenye nguzo, mkamchoma kwa plastiki inayoyeyuka ili ataje wenzake, hilo ni utesaji chini ya sheria hii hii, na wewe uliyeshika kamba uko katika kosa la miaka 15. Najua uchungu wa kupoteza pikipiki ya mkopo. Mpelekeni kituoni. Hamwezi kudai askari asitese huku stage yenu ina chumba chake cha maswali.

Sasa niongee na maafande, nami nashukuru mmekuja na hamkutuma mtu.

Najua kazi yenu. Mshahara ni mdogo, mafuta ya gari la doria hayapo, mkubwa anataka mshukiwa kabla ya Ijumaa, na wananchi wanapiga kelele kwamba polisi wamelala. Katika hali hiyo kiboko kinaonekana njia ya mkato. Lakini kumbukeni 2017. Mwezi wa Machi aliuawa Andrew Felix Kaweesi, ofisa mkubwa wa polisi, na dereva na mlinzi wake waliuawa pamoja naye. Ulikuwa ukatili mkubwa, na familia zile zilistahili kujua nani aliua. Washukiwa walipelekwa Nalufenya, pale Jinja. Walipofika mahakamani walikuwa na vidonda ambavyo kila mwandishi wa habari aliviona. Mwezi wa Mei zikasambaa picha za meya wa Kamwenge, aliyekamatwa katika upelelezi huohuo, magoti yakiwa yamechubuka mpaka ndani, naye akiwa kitandani hospitali. Nchi ikaacha kuuliza nani alimuua Kaweesi, ikaanza kuuliza nini kinatendeka Nalufenya. Rais mwenyewe aliwaandikia wakuu wa vyombo vya usalama barua akisema utesaji si wa lazima na ni makosa, na kwamba anayeteswa anaweza kukiri asilolifanya. Mwaka 2018 Inspekta Jenerali Okoth Ochola alipoingia ofisini aliifunga Nalufenya isitumike tena kama gereza la washukiwa wa makosa makubwa.

Nawauliza: kile kiboko kiliisaidia nini kesi ya mauaji? Kila ungamo lililotoka pale lilitoka likiwa na ugonjwa. Wakili wa utetezi hahitaji ujuzi mkubwa; anamwambia mteja wake apandishe suruali. Askari anayetesa anaivunja kesi ya askari mwenzake aliyekesha akitafuta alama za vidole na rekodi za simu.

Na kufunga jengo si kushitaki watu. Jengo halina kosa. Wenye kosa ni waliokuwa ndani yake wakishika nyaya. Ndiyo maana baada ya Nalufenya tulisikia habari za nyumba zisizo na kibao, na za magari yale ya Hiace ambayo watu waliyaita drone, yakiokota vijana barabarani wakati wa uchaguzi wa 2021. Katiba, ibara ya 23, inasema mtu azuiliwe mahali palipoidhinishwa na sheria. Nyumba isiyo na kibao haina daftari. Pasipo daftari hakuna saa 48 za kuhesabu.

Kwa hiyo mwananchi wa Busia afanye nini? Hapa mtanivumilia, nitaeleza hatua zenyewe, kwa sababu kesi nyingi hufa ndani ya siku tatu za kwanza.

Mtu akitoka seli ameumizwa, nendeni hospitali siku hiyohiyo, hata kabla ya kuoga. Uvimbe unashuka, rangi ya ngozi inabadilika, alama za kamba kwenye kifundo cha mkono hupotea mapema. Mpigeni picha akiwa amevaa nguo alizotoka nazo, na nguo hizo msizifue. Polisi wana Fomu namba 3, ile ya uchunguzi wa majeruhi. Fomu hiyo hailipiwi. Anayekuomba hela ya karatasi anakuibia. Kituo kilichomtesa mtu wako kikikataa kuitoa, nendeni kituo kingine, au mwende moja kwa moja kwa daktari akaandike ripoti yake. Waganga na wauguzi mlio hapa, tafadhali msiandike "majeraha ya mwili" mkaishia hapo. Andikeni jeraha liko wapi, lina urefu gani, rangi gani, na mgonjwa alisema limetokana na nini, kisha mseme kama jeraha linalingana na maelezo yake. Hivyo ndivyo unavyoelekeza mwongozo wa Umoja wa Mataifa uitwao Itifaki ya Istanbul. Na andikeni hali ya akili: halali, anashtuka, hakumbuki. Sheria imeitaja akili, nanyi itajeni.

Kisha malalamiko. Mnapoandika maelezo kituoni, semeni: nashitaki utesaji, chini ya Sheria ya 2012. Someni kilichoandikwa kabla ya kutia sahihi. Kama imeandikwa shambulio, ombeni isahihishwe, na ikikataliwa andikeni jina la aliyekataa, saa na tarehe. Pelekeni nakala kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda. Na kama polisi hawatembei, sheria inaruhusu mwananchi kwenda mwenyewe kwa hakimu kufungua mashtaka. Sitawadanganya juu ya njia hii: Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ana mamlaka, kwa ibara ya 120 ya Katiba, ya kuichukua kesi ya mtu binafsi na hata kuisimamisha. Lakini akiisimamisha atalazimika kuisimamisha kesi yenye namba, iliyoandikwa utesaji, mbele ya hakimu, mchana. Hilo peke yake lina thamani.

Kuna suala la fidia pia, na hapa watu wengi hupoa. Miaka yote Tume na mahakama zimeamuru serikali ilipe waathirika, na serikali hulipa polepole, kwa kodi ya mama anayeuza mukene, wale dagaa, pale sokoni. Mtesaji hachangii hata shilingi. Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 ilibadili hilo: mahakama inaweza kumwajibisha ofisa mwenyewe, alipe sehemu ya fidia kutoka mfukoni mwake. Waombeni mawakili wenu waitumie. Naamini askari mmoja akikatwa mshahara kwa miaka mitano, kambi nzima itasikia.

Wanaohitaji tiba wasione haya. Kampala kuna ACTV, kituo kilichoanzishwa 1993 kwa ajili ya kuwatibu walioteswa, mwili na akili. Wanaume hasa, nawasihi. Wapo wanaume wanaokojoa damu usiku na wamewaambia wake zao kwamba ni malaria.

Kwa Bunge nina maombi mawili. La kwanza, adhabu ya sheria ya 2012 imeandikwa miaka 15, au faini isiyozidi pointi 360 za fedha, au vyote viwili. Pointi moja ni shilingi 20,000. Pigeni hesabu: ni shilingi milioni 7 na laki 2. Bei ya pikipiki moja mpya, naye mtu aliyeng'oa kucha za mwenzake anaweza kurudi nyumbani kula chakula cha jioni. Kosa ambalo Katiba imesema haliruhusiwi hata wakati wa vita haliwezi kuwa na bei. Waheshimiwa, iondoeni ile "au".

La pili, Uganda ijiunge na Itifaki ya hiari ya Mkataba dhidi ya Utesaji, ile inayoruhusu wakaguzi kuingia bila taarifa mahali popote watu walipozuiliwa. Kushitaki huja baada ya mtu kuumia. Mkaguzi anayeweza kugonga mlango saa nane za usiku humfanya mtesaji afikiri kabla.

Muda wangu umekwisha, na mwenyekiti ananionyesha saa. Afande mkuu wa kituo amekubali kubaki hapa kujibu maswali, na kwa hilo nampa heshima yake mbele yenu. Naomba la kwanza liwe langu, kisha kipaza sauti kiende kwa akina mama. Afande, katika daftari la kituo chako, tangu uanze kazi hapa, ni malalamiko mangapi yameandikwa neno utesaji, na mangapi kati ya hayo yamefika kwa mwendesha mashtaka yakiwa bado na jina hilo?